Presha na Sukari Kisiwani Mombasa: Yanayongoja Utafiti

Udhibiti wa maradhi ya moyo na kisukari huanza kwa kuhesabu, na hapo ndipo nchi nyingi maskini hukwama. Kenya ilifanya uchunguzi wake wa kwanza wa kitaifa kuhusu vihatarishi vya maradhi haya mwaka 2015. Karibu mtu mzima 1 kati ya 4 alikutwa na presha ya juu. Zaidi ya nusu hawakuwa wamewahi kupimwa presha, na karibu 9 kati ya 10 hawakuwa wamewahi kupimwa sukari. Takwimu hizo ni za nchi nzima. Hazielezi hali ya Kibokoni wala Kuze, mitaa ya Mji wa Kale wa Mombasa.

Vifo navyo ni vigumu kuhesabu. Katika Mji wa Kale, anayefariki alfajiri aghalabu huzikwa siku hiyohiyo, bila kupasuliwa, na sababu ya kifo huzikwa naye. Njia inayoheshimu mila hiyo ni kuwahoji wafiwa kwa utaratibu maalumu baada ya matanga. Kilifi, watafiti wa mpango wa Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya (KEMRI) na shirika la Wellcome Trust wamekuwa wakifuatilia vizazi, vifo na uhamaji tangu 2000. Mombasa, mji wa wahamiaji na nyumba za kupanga, unahitaji ufuatiliaji kama huo.

Hata vipimo vyenyewe vyahitaji kuchunguzwa. Kipimo cha HbA1c hukadiria wastani wa sukari ya takriban miezi mitatu kwa kuangalia sukari iliyonasa kwenye himoglobini. Pwani, malaria imeacha watu wengi wenye kinasaba kimoja cha sikoseli. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2017 ulionyesha kwamba watu wa aina hiyo husomeka chini kuliko sukari yao halisi. Mgonjwa aweza basi kuambiwa yu salama ilhali sivyo.

Kinasaba hichohicho kimefungua mlango mwingine wa utafiti. Mtafiti Anthony Etyang na wenzake waliwavisha watu vipima presha vya saa 24. Kilifi, wenye kinasaba hicho, ambacho huwakinga na malaria, walikuwa na presha ya chini kuliko wenzao. Nairobi, kusiko na malaria nyingi, tofauti haikuonekana. Huenda malaria ya utotoni hupandisha presha ya ukubwani. Swali hili lisingeweza kuzaliwa Ulaya ya leo, na ni sababu tosha ya kufanyia utafiti hapahapa.

Chumvi nayo haitoki kwenye achari na viazi karai tu. Visima vingi vya kisiwani vina maji ya chumvichumvi, na bomba likikauka watu huvirudia. Pwani ya Bangladesh, maji ya namna hiyo yamehusishwa na presha ya wajawazito. Kupima mikojo ya wakazi wa Mji wa Kale kungeonyesha kiasi cha chumvi wanachokula na kunywa, na gharama yake si kubwa.

Ramadhani yastahili kupewa uzito wa pekee. Uchunguzi wa EPIDIAR wa 2001, kuhusu kisukari na mfungo wa Ramadhani, ulifanywa katika nchi 13, na hakuna hata moja ya Afrika Mashariki. Ulionyesha kuwa wagonjwa wengi wa kisukari hufunga, na kwamba visa vya sukari kushuka kupita kiasi huongezeka mara kadhaa. Kisiwani, futari huja na kaimati, tambi za sukari na mahamri kwa mbaazi za nazi. Hatari ya mchana ni sukari kushuka, ya usiku ni kupanda. Kipimo gani cha insulini kinafaa kati ya futari na daku, na nani ashauriwe kutofunga, ni maswali ya daktari na imamu pamoja.

Yabaki tiba. Jaribio la CREOLE la 2019, lililoihusisha Kenya, lilionyesha kwamba kwa Waafrika weusi, michanganyiko ya dawa za presha yenye amlodipini hufanya kazi vizuri zaidi kuliko mchanganyiko usio nayo. Ujuzi upo, kinachokosekana ni kujua kwa nini mgonjwa huacha vidonge. Mwaka 2023 serikali iliwapa wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 mikoba yenye vipima presha na sukari. Yanayohitaji kufuatiliwa ni yale yanayotokea baada ya kipimo kusoma juu: wangapi hufika kliniki, wangapi hupata dawa, na wangapi wangali wanazimeza mwaka mmoja baadaye.