DIVAI KUUKUU: UTAMU UNAOFICHA UKALI

Mzee mmoja wa Section 58, mgonjwa wangu wa kisukari, aliletewa na mwanawe chupa ya divai ya port ya mwaka 1985. Alfajiri iliyofuata mkewe alimkuta amelowa jasho, maneno yake hayaeleweki. Majirani walidhani ni ulevi. Kumbe sukari ilikuwa imeshuka kupita kiasi.

Port ni nini? Ni divai tamu ya bonde la mto Douro, Ureno. Kabla sukari yote ya zabibu haijageuka kileo, humiminwa ndani pombe kali ya zabibu. Divai huacha kuchacha, utamu hubaki, na nguvu hufika takriban asilimia 20. Ile ya mwaka bora hutiwa chupani baada ya miaka miwili hivi, ikakomaa humo kwa miongo.

Waonjaji huipimaje? Huisimamisha chupa ili mashapo yatuame, kisha huimimina polepole katika chombo kingine. Hutazama rangi: changa ni zambarau nzito, kuukuu hufanana na tofali. Hunusa: harufu njema ni ya matunda makavu na njugu, ikinuka kadibodi iliyolowa, kizibo kimeiharibu. Mwisho huonja kama ukakasi umelainika na ladha inadumu. Kisha hutema!

Kutema huko ndiko somo letu. Umri hulainisha ukakasi, lakini hauondoi kileo. Mililita 100 za port zina kileo karibu sawa na nusu lita ya bia ya kawaida.

Mzee wetu aliogopa utamu. Akaacha chakula cha jioni, lakini tembe zake za glibenklamaidi akameza. Kileo huzuia ini kutoa sukari mwilini, hasa ukiwa na njaa, na tembe hizo huzidi kuishusha usiku. Alitundikiwa maji ya glukosi, akapona.

Je, una kisukari? Muulize daktari wako kwanza kuhusu pombe. Akikuruhusu, usinywe bila kula, na upime sukari kabla ya kulala. Mgonjwa akitoka jasho na kuchanganyikiwa, mpe maji ya sukari ikiwa anaweza kumeza. Asipoweza, usimtie chochote mdomoni, mkimbize hospitali.

Na ukialikwa kuonja, iwe port au divai ya mizabibu ya jirani zetu Naivasha, tema bila haya. Mabingwa hufanya hivyo.