Kuusoma Ukuta: Utangulizi

Nina ombi moja kwako, msomaji: ukifika mbele ya mchoro wa ukutani, rangi ziache kwanza. Uliza ni nani waliohojiwa, nani aliyeamua tukio lipi liingie, na nani aliyelipa. Anayeuchorea mji historia yake ni mwanahistoria, naye tumsome kwa makini na kwa ukali tunaowasomea wenzake wa vitabuni.

Judith Baca wa Los Angeles ndiye mwalimu wangu mkuu katika hili. Mwaka 1974 Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi la Marekani kilimwendea kuhusu mtaro wa Tujunga, mtaro wa zege wa kuzuia mafuriko. Walitaka mahali pale papendezeshwe. Yeye akaona ukuta wa kuandikia historia ya California. Kuanzia 1976 hadi 1983, katika majira matano ya joto, zaidi ya vijana 400 walichora naye, baadhi yao wakiwa wameletwa na mahakama. Kabla ya kushika brashi walijifunza kwa wanahistoria na kwa watu walioyaishi matukio yenyewe. Kisha michoro midogo ikapigwa miraba na kuhamishiwa ukutani. Mchoro una urefu wa meta 840 hivi. Humo wamo Wamarekani wenye asili ya Meksiko waliofukuzwa nchini miaka ya 1930, wenye asili ya Japani waliofungiwa kambini wakati wa Vita Kuu ya Pili, na familia zilizong'olewa Chavez Ravine, mahali ulipo leo uwanja wa besiboli.

Si kila mji huanzia hapo. Chemainus, Kanada, ulianza kuchora kuta zake mwaka 1982 ili uvute watalii, na swali la mlipaji huko lina uzito wa pekee.

Mpaka wa taaluma yetu nao ni mpana. Tshibumba Kanda Matulu wa Lubumbashi alichora kwenye vitambaa vya kutundikwa sebuleni, lakini miaka ya 1973 na 1974 alichora historia nzima ya nchi yake, picha takriban 100, akamweleza mwanaanthropolojia Johannes Fabian maana yake kwa Kiswahili. Mazungumzo yao yalirekodiwa. Wewe unayejua lugha hiyo unaweza kumsikiliza mchoraji mwenyewe kabla ya kutusikiliza sisi wafafanuzi, nami ningependa uanzie huko.