Sura ya Tano: Mtoto Mmoja Akizidi

Usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti 2019 Kenya ilihesabu watu wake. Kaunti ya Turkana, kuanzia Lodwar na Kakuma hadi Kaaleng kule kaskazini, ilipata watu 926,976. Hebu tuipapase nambari hii kama mfugaji anavyompapasa mbuzi kabla ya kumnunua.

Igawe kwa mbili: 463,488. Tena: 231,744. Endelea: 115,872, 57,936, 28,968, 14,484, 7,242, 3,621. Mara nane, wala habaki mtu. 3,621 ni witiri, ila tarakimu zake zikijumlishwa ni 12, basi inagawika kwa tatu: 1,207. Hapa wengi hudhani wamefika, kwa kuwa 1,207 ni ngumu kuivunja. Jaribu 17. Utapata 71.

Basi nambari yetu imeundwa kwa 2 mara nane, 3, 17 na 71. Hizi ni nambari tasa, zisizogawika ila kwa moja na zenyewe. Jina hilo nalionea shaka, maana nambari nyingine zote huzaliwa nazo. Hesabu vigawo: una njia tisa za kuchukua zile mbilimbili, kuanzia kutochukua hata moja hadi zote nane, kisha 3 uichukue au uiache, 17 vivyo hivyo, na 71. Vigawo 72! Nambari karimu kweli.

Turkana wanajua uzito wa kuhesabiwa. Mwaka 2010 waziri wa mipango, Wycliffe Oparanya, alifuta matokeo ya sensa ya 2009 ya wilaya nane, zikiwamo tatu za Turkana. Kwa hiyo mtu mmoja tusimdharau. Tuseme usiku ule wa 2019 kulizaliwa mtoto Kaaleng, akasahauliwa. Mwongeze: 926,977.

Gawa kwa 2, anabaki mmoja. Kwa 3, mmoja. Kwa 17, mmoja. Kwa 71, mmoja. Ni mtoto yuleyule kila mara, kwa sababu wale wengine 926,976 wamekwisha kupangika wote. Hatua hii ndiyo aliyoitumia Euclid, yapata miaka 300 kabla ya Kristo, kuthibitisha kwamba nambari tasa hazina mwisho.

Lakini huenda tasa nyingine ikaigawa. Tujaribu hadi wapi? Hadi 962 tu: 963 mara 963 ni 927,369, imeshapita, na nambari ikivunjika vipande viwili, kile kidogo hakiwezi kufika huko. Hadi hapo tasa ni 162. Nilizipitia kwa kalamu. Kwa 7 wanabaki wawili. Kwa 353 nilishtuka: wanabaki 352, amepungua mtu mmoja tu! Ya mwisho ni 953, na wanabaki 661.

Pamoja na mtoto yule, Turkana ingekuwa nambari tasa.