Daktari Anapohamia Uingereza: Kodi ya Baraza Inamfuata Nani?

Vijana wetu wa Maskati, Dubai na Doha waliosomea udaktari wanazidi kwenda katika hospitali za Uingereza, wengine kwa ajira, wengine kutafuta ubingwa. Wazazi huuliza juu ya viza, mshahara na baridi. Ni wachache wanaouliza juu ya kodi ya baraza la mji, ambayo Waswahili wa huko huiita kaunsili taksi. Mimi nilikuwa karani, na karani huzoea kusoma karatasi ambazo wengine huziweka kando, kwa hiyo nitaieleza kodi hii kwa utaratibu.

Kwanza tulisafishe neno. Katika Kiswahili chetu "kodi" ni ile anayopewa mwenye nyumba, na ni ile inayopewa serikali. Kijana akiulizwa kwa simu, "Umeshalipa kodi ya nyumba?" atajibu ndiyo, kwa kuwa amemlipa mwenye nyumba. Katika makala hii ya mwenye nyumba nitaiita pango, na ya baraza nitaiita kodi.

Kodi hii ni nini

Wazee wetu waliijua kodi ya kichwa. Uingereza nayo iliijaribu. England na Wales zilianza kuitoza mwaka 1990, watu wakaipinga hadi barabarani, na tarehe 1 Aprili 1993 ikaja kodi ya baraza mahali pake. Fedha zake huenda kwenye kuzoa taka, polisi, zimamoto, taa za barabarani na matunzo ya wazee. Hospitali hazilipiwi kwa kodi hii, kwa hiyo daktari asidhani kuwa kufanya kazi hospitalini kunamsamehe.

England kila nyumba imewekwa katika daraja, kuanzia A hadi H, kwa kukadiria bei ambayo ingeuzwa tarehe 1 Aprili 1991. Nyumba ikiwa ya jana, bado hukadiriwa kwa bei za mwaka huo. Scotland nayo hutumia 1991, Wales hutumia 2003, na Ireland ya Kaskazini ina utaratibu wake mwingine kabisa. Daraja la kupimia ni D. Mwaka wa kodi wa 2025/26, wastani wa daraja D kwa England ulikuwa pauni 2,280. Daraja A hulipa theluthi mbili za D, na daraja H hulipa mara mbili. Kwa wastani huo, fleti ndogo ya daraja A ingedaiwa pauni 1,520 kwa mwaka. Kila baraza hupanga kiwango chake, na daraja la nyumba yoyote linaweza kutazamwa katika tovuti ya serikali kwa anwani yake. Litazameni kabla ya kutia sahihi mkataba.

Huku kwetu mambo ni tofauti

Watu wetu hunaswa kwa sababu ya mazoea. Dubai ada ya nyumba, asilimia 5 ya pango la mwaka, hugawanywa kwa miezi na kuingizwa katika bili ya umeme na maji. Tanzania Bara kodi ya majengo hukatwa mtu anaponunua umeme wa LUKU tangu 2021. Kote huko ukilipia umeme, kodi imeshalipika.

Uingereza haipo katika bili ya umeme, wala haikatwi katika mshahara. Karatasi ya mshahara wa daktari itaonyesha kodi ya mapato na bima ya taifa, naye ataona ameshakatwa vya kutosha. Kodi ya baraza huja peke yake, kwa barua, kwa jina la anayekaa ndani ya nyumba. Kwa kawaida mdaiwa ni mkaazi, yaani mpangaji, wala si mwenye nyumba. Mume na mke wanaokaa pamoja hudaiwa kwa pamoja, na wapangaji waliotia sahihi mkataba mmoja vilevile. Mmoja asipolipa, baraza laweza kumdai mwenzake deni lote.

Akikodi chumba tu katika nyumba ya watu wengi wenye mikataba mbalimbali, kwa kawaida mdaiwa ni mwenye nyumba, naye huwa ameiingiza kodi katika pango. Makazi ya hospitali mara nyingi huwa hivyo, lakini si lazima. Swali la kuuliza ni moja: "Kodi ya baraza imo ndani ya pango?" Jibu lipatikane kwa maandishi.

Nani hupunguziwa

Hesabu kamili ya kodi huchukulia kwamba nyumba ina watu wazima wawili. Akikaa mmoja peke yake hupunguziwa asilimia 25. Ile pauni 1,520 ingeshuka hadi 1,140. Punguzo hili haliji lenyewe, huombwa.

Mwanafunzi wa muda wote hahesabiwi, na nyumba inayokaliwa na wanafunzi watupu husamehewa kabisa. Hapa pana tofauti ya kuangalia. Daktari anayesoma shahada ya uzamili chuo kikuu kwa muda wote ni mwanafunzi. Achukue cheti cha chuo akipeleke barazani. Daktari aliye katika mafunzo ya ubingwa hospitalini ni mwajiriwa, hata kama jina la nafasi yake lina neno "mafunzo", naye hulipa. Mke au mume wa mwanafunzi, asiye raia wa Uingereza, ambaye viza yake inamkataza kazi au misaada ya serikali, naye hahesabiwi.

Sasa jambo la hatari zaidi. Punguzo la anayekaa peke yake si msaada wa serikali, kwa hiyo mwenye viza ya kazi anaweza kuliomba bila hofu. Lakini upo msaada mwingine, wa kupunguziwa kodi hii kwa sababu ya kipato kidogo, na huo huhesabiwa kuwa ni fedha za umma. Viza nyingi za kazi zinaukataza. Fomu hizi mbili hufanana kwa jina, na hutolewa na baraza lile lile. Kijana asijaze ya pili kwa kudhani ni ya kwanza, maana kosa hilo laweza kumgharimu viza.

Deni linavyokua

Kodi huhesabiwa kwa siku na hulipwa kwa mafungu 10, kuanzia Aprili hadi Januari. Ukiomba, hugawanywa kwa miezi 12. Fungu likikosekana, huja barua ya kukumbusha yenye siku 7. Usipolipa, baada ya siku 7 nyingine salio lote la mwaka hudaiwa kwa pamoja. Kisha huja wito wa mahakama pamoja na gharama zake, na baraza laweza kukata mshahara au kutuma madalali wa mahakama. Barua hizi zote huenda kwenye anwani iliyoandikishwa. Daktari aliyerudi Maskati bila kuaga anaweza kudaiwa mahakamani naye hana habari.

Wanaokwenda upande wa pili

Familia zetu zipo London na Leicester pia, na madaktari wa huko huja kufanya kazi Ghuba. Nyumba waliyoiacha ikipangishwa, mpangaji hulipa. Ikiachwa tupu bila samani kwa mwaka mmoja, tangu Aprili 2024 baraza la England laweza kuitoza kodi maradufu, na baada ya miaka 5 mara tatu. Yenye samani lakini isiyo makazi makuu ya mtu yeyote, tangu Aprili 2025 nayo yaweza kutozwa maradufu.

Mume akija Ghuba na mke akibaki kule na watoto, je, mke aombe punguzo la asilimia 25? Wengi hudhani ndiyo. Katika kesi ya 1993, Mahakama Kuu ilimtazama mtu aliyefanya kazi Saudi Arabia, akikaa katika makazi ya mwajiri na kurudi Hull wakati wa likizo. Ikaonekana makazi yake makuu ni Hull. Kesi ilihusu ile kodi ya kichwa, lakini swali la makazi makuu ndilo hilo hilo katika kodi ya leo. Kwa hiyo mke aliandikie baraza na kueleza hali yote, wala asitie alama tu katika fomu. Anayetoa habari za uongo anaweza kutozwa faini ya pauni 70 na kurudisha punguzo lote alilopewa.

Daftari la mhamaji

Mali bila daftari hupotea bila habari. Siku ya kuingia, kijana aliarifu baraza tarehe na majina ya wakaazi wote. Aweke nakala ya mkataba, cheti cha chuo ikiwa anacho, na kila risiti. Siku ya kutoka aarifu tena, atoe anwani mpya ya Ghuba, na aombe hesabu ya mwisho kwa barua pepe. Akiwa amelipa zaidi atarudishiwa. Akiondoka kabla mkataba haujaisha, aulize kwanza, kwani anaweza kuendelea kudaiwa ingawa hayumo ndani.

Wazazi mnaomchangia kijana nauli na pango la mwanzo, ongezeni na fungu la kwanza la kodi hii. Na siku akiwaambia kwa simu kwamba amelipa kodi, muulizeni: ipi?