Maneno ya Kuliwazia: Msamiati wa Kuwasaidia Wakimbizi Wanaolea Watoto Wenye Ulemavu

Katika wilaya ya Kasulu, mkoani Kigoma, iko kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo, na ambayo mwaka 2015 ilipokea pia Warundi wengi waliokimbia machafuko ya nchi yao. Humo Kiswahili sanifu cha watumishi wa afya hukutana na Kiswahili cha Kivu, na Kirundi, na Kiha cha wenyeji kilicho jirani sana na Kirundi. Mzazi aliyekimbia na mtoto asiyeweza kutembea au kusema huwa na mizigo miwili: amepoteza makao, na pamoja na makao amepoteza ndugu na majirani waliozoea kumshikia mtoto. Anayetaka kumsaidia hana budi kwanza kuyachagua maneno yake.

Mwongozo uliotolewa mwaka 2007 na kamati inayounganisha mashirika ya Umoja wa Mataifa na mashirika mengine ya misaada umeupanga msaada wa nafsi katika ngazi nne. Ya kwanza ni chakula, makao na usalama. Ya pili, kuimarisha jamaa na ujirani. Ya tatu, msaada wa mtu mmoja mmoja unaotolewa na watu waliofundishwa ingawa si mabingwa. Na ya nne, matibabu ya mabingwa. Kwa mzazi asiyeweza kumwacha mtoto peke yake, kupangiwa zamu ya kupokea posho bila kusimama foleni ndefu ni faraja pia. Lakini kuanzia ngazi ya pili kwenda juu chombo kikuu ni mazungumzo, na hapo ndipo lugha huweza kusaidia au kudhuru.

Mfano wa kwanza ni majina ya ulemavu. Kiwete, kipofu, kiziwi na kilema yote yana kiambishi ki-. Wako wanaodhani kwamba kiambishi hicho chatosha kuwa tusi. Lakini kijana, kinyozi na kiongozi nao wanacho, na katika sentensi majina haya yote hufuata upatanisho wa watu: kipofu amefika, vipofu wamefika. Tatizo la neno kilema liko kwingine. Kilema hiki ni dosari, na kilema huyu ni mtu; neno moja limebeba yote mawili, hata mtu akawa ndiye dosari yenyewe. Umbo la ulemavu limevitenganisha vitu hivyo, na Tanzania ililithibitisha katika Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Kirundi nacho kina ikimuga kwa mtu na ubumuga kwa hali, na siku hizi husemwa abantu bagendana ubumuga, yaani watu wanaotembea na ulemavu. Mkalimani anayezijua lugha zote mbili hahitaji kubuni kitu. Njia imekwisha kuchongwa pande zote mbili.

Mfano wa pili una hatari zaidi. Maneno mtindio wa ubongo hutumiwa kwa maana mbili: udhaifu wa viungo utokanao na madhara katika ubongo wa mtoto, na upungufu wa akili. Mtoto wa namna ya kwanza aweza kuwa na akili timamu kabisa. Mama akiambiwa maneno hayo bila maelezo, yamkini atafahamu kwamba mwanawe hawezi kufundishwa, naye ataacha kumsemesha. Heri kueleza kwa sentensi nzima: mikono na miguu haitii, bali mtoto anasikia na anaelewa.

Mfano wa tatu ni majina ya huzuni yenyewe. Vitabu vya afya vimetwaa kiwewe kwa jeraha la nafsi lidumulo, hali katika mazungumzo ya kawaida kiwewe ni fadhaa impatayo mtu ghafula kisha ikapita. Vilevile msongo wa mawazo ni lugha ya darasani. Watu husema tu, "Ana mawazo," wakaeleweka. Na mzazi anaposema, "Ni shauri la Mungu," asidhaniwe mara moja kuwa amekata tamaa. Huenda anajikinga na lawama za wanaomwambia kwamba mtoto ni laana. Afaa kuulizwa zaidi, asikatizwe.

Neno shauri lenyewe latoa fundisho. Siku hizi kushauri ni kumwambia mwingine la kufanya, na ushauri nasaha umefuata mkondo huo. Lakini kufanya shauri, katika matumizi ya zamani, ni watu kuketi pamoja wakapimana maneno, kila mmoja akisema na kusikia. Mzazi ndiye amjuaye mtoto wake: kilio chake, namna anavyolala, chakula anachoweza kumeza. Wanaotunga vitabu vya mafunzo kwa wasaidizi wa kambini watafanya vyema kuirejesha maana hiyo, na kumpa mkalimani nafasi ya kuuliza neno gani mzazi mwenyewe hulitumia kabla ya kumpa jingine.