KUJIFUNZA KIKOREA UKIWA KAZINI UGENINI

(Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Limerekodiwa darasani Vudee, Wilaya ya Same. Wanafunzi wawe na daftari na kalamu.)

MWALIMU: Leo hatuko studio. Tumepanda mlima kutoka Same mjini mpaka Vudee, tumo darasani pamoja na wenzenu. Kilichotuleta ni swali la mama mmoja aliyeketi hapa mbele. Shikamoo, Mama.

MAMA: Marahaba, mwanangu.

MWALIMU: Waambie wenzako ulichotuletea.

MAMA: Ni ujumbe wa simu kutoka kwa kijana wangu. Yuko Korea ya Kusini, mji wa Ansan. Alikwenda kusomea ufundi, na sasa ameajiriwa kiwandani. Zamani ujumbe wake nilimpa mtoto wa jirani anisomee. Huu nimeusoma mwenyewe. Anasema kwenye mashine yake imebandikwa karatasi nyekundu yenye maandishi, naye hajui yanasema nini. Anauliza darasa la kuanzia atalipata wapi, maana mwalimu wa kulipwa hamwezi.

MWALIMU: Asante, Mama. Ansan ni mji wa viwanda, karibu na Seoul, na wafanyakazi wa kigeni huko ni wengi. Kwa hiyo kijana wako hayuko peke yake. Lakini kabla ya kutafuta darasa, aanze na herufi, na aanze leo hii. Herufi za Kikorea hazihitaji kungoja mwalimu.

Zamani Wakorea waliandika kwa maandishi ya Kichina. Alama zake ni maelfu, na waliozijua walikuwa wachache wenye nafasi ya kusoma miaka mingi. Mkulima hakuweza. Mwaka 1443 mfalme wao, aitwaye Sejong, alitunga herufi mpya, na mwaka 1446 zikatangazwa kwa watu wote. Leo herufi za msingi ni 24 tu: konsonanti 14 na irabu 10. Shirika la UNESCO lina tuzo ya kisomo yenye jina la mfalme huyo, iliyoanzishwa mwaka 1989, nayo hupewa watu wanaofanya kazi kama hii tunayoifanya hapa.

Sasa shikeni kalamu. Ninyi mlianza kusoma kwa ma, me, mi, mo, mu. Wakorea nao hupanga herufi zao kwa silabi. Chora mraba mdogo, hivi: ㅁ. Hiyo ni m. Ni mfano wa mdomo. Kando yake, upande wa kulia, simamisha kijiti chenye mkono mfupi wa kulia: ㅏ. Hiyo ni a. Ziweke pamoja: 마. Someni.

DARASA: Ma!

MWALIMU: Kijiti kitupu kisicho na mkono, ㅣ, ni i. Basi 미 ni mi. Irabu nyingine hukaa chini ya konsonanti. Hii 모 ni mo. Hii 무 ni mu, nayo peke yake ni neno kamili: maana yake figili, ile mboga. Basi mmekwisha kusoma neno la Kikorea, nanyi hamjatoka Vudee.

Karatasi nyekundu, Mama, siwezi kujua imeandikwa nini bila kuiona. Lakini kuna neno moja ambalo kila mfanyakazi wa kiwandani alitafute kwanza. Ni hili: 위험. Husomwa karibu na “wihom”. Maana yake ni hatari. Na asingoje mpaka amalize kujifunza. Leo hii aipige picha karatasi ile, amwonyeshe msimamizi wake au mwenzake anayejua, aelezwe kwa vitendo.

Sasa darasa. Serikali ya Korea, kupitia Wizara yake ya Sheria, ilianzisha mwaka 2009 mpango wa kuwafundisha wageni lugha na mambo ya nchi. Darasa la chini kabisa huitwa darasa la sifuri, nalo ni la saa 15: herufi, salamu, kujitaja. Darasa la kwanza hadi la nne ni saa 100 kila moja. Mgeni hujiandikisha akiwa na kitambulisho chake cha mgeni. Anayejua kidogo hupimwa kwanza ili apangwe mahali pake. Asiyejua kitu aseme wazi kwamba hajui. Kukaa darasa la juu kwa kuona haya ni kupoteza saa zake. Ofisi ya uhamiaji ya mahali anapokaa itamwelekeza, na kama kuna ada atajua huko huko.

Tena kuna madarasa ya Jumapili. Vituo vya kuwasaidia wafanyakazi wa kigeni, makanisa na watu wa kujitolea hufundisha siku hiyo kwa sababu viwanda vingi hupumzika. Kwa mtu wa zamu ya usiku mimi naona haya ndiyo yanayomfaa zaidi. Awaulize wafanyakazi wenzake, Wanepali au Wavietnamu. Wao wamekuwako siku nyingi, wanajua mwalimu mzuri yuko wapi.

MAMA: Na kitu gani kitamsumbua zaidi?

MWALIMU: Hesabu, Mama. Wakorea wana majina ya namba ya aina mbili. Aina moja hutumika kwa saa, nyingine kwa dakika na kwa pesa. Na saa zao hazihesabiwi kama zetu. Msimamizi akisema saa “ilgop”, yaani saba, ni saa moja yetu ya asubuhi. Akifika saa saba ya kwetu, amekosa nusu ya kazi. Na pesa huzihesabu kwa elfu kumi kumi. Elfu kumi huitwa “man”. Laki moja kwao ni “man” kumi. Aizoee hiyo kabla ya siku ya mshahara, ili karatasi ya mshahara aisome mwenyewe.

Neno moja kwa vijana mlio hapa nyuma. Akija mtu kuwaambia, lipa ada ya darasa la Kikorea na kazi Korea utapata, msitoe pesa. Korea ina mpango wa kuajiri wafanyakazi wa kigeni, ulioanza mwaka 2004, lakini hadi mwaka 2024 nchi zilizokuwa ndani yake zilikuwa za Asia tu. Kuna njia nyingine za kwenda, kama masomo. Ulizeni kwanza ofisi ya serikali inayoshughulikia ajira.

Kazi ya nyumbani: andikeni ma, mi, mo, mu kwa Kikorea, mara tano kila moja. Mama, wewe umwandikie kijana haya tuliyosema.

MAMA: Nimwandikie sasa? Huko ni saa ngapi?

MWALIMU: Wametutangulia saa sita. Hapa ni saa kumi jioni. Kwao ni saa nne usiku.

MAMA: Basi ataukuta akitoka zamu.