Kompyuta Isomayo Saa kwa Kiswahili

Msafiri avukaye mpaka wa Manyovu, wilayani Buhigwe, akaingia Burundi, hana budi kurudisha saa yake nyuma kwa saa moja. Jua halina habari na mpaka huo. Buhigwe iko karibu na longitudo 30 mashariki, ilhali saa ya Tanzania imepimwa kwa longitudo 45. Ndiyo sababu huko jua huchomoza karibu na saa moja asubuhi, wakati wakazi wa Dar es Salaam wamekwisha kuliona kwa zaidi ya nusu saa. Kompyuta nayo huandika 07:00, na mwanafunzi hulazimika kuondoa sita kichwani. Je, yawezekana mashine ifanye hesabu hiyo yenyewe?

Yawezekana, na mahali pa kuanzia ni kidokezo. Katika kompyuta ziendeshwazo kwa Linux, mtumiaji aweza kuandika amri kwa maneno badala ya kubonyeza picha. Programu izipokeayo amri hizo, ambayo mara nyingi ni Bash iliyotungwa na Brian Fox mwaka 1989, kwanza huandika alama fupi kuonyesha kwamba iko tayari. Alama hiyo ndiyo kidokezo. Zamani ilikuwa $ peke yake, au # kwa msimamizi mkuu. Uchache huo ulikuwa na hatari: amri ya rm kwa kawaida hufuta faili bila kuuliza, na mwalimu aiandikaye akidhani yumo katika folda ya majaribio, kumbe yumo katika folda ya alama za mtihani, amepoteza kazi ya muhula mzima.

Umbo la kidokezo huhifadhiwa kwa jina la PS1. Ndani yake \u husimama badala ya jina la mtumiaji, \h jina la mashine, \w folda aliyomo, na \$ hugeuka kuwa # pindi aingiapo msimamizi mkuu. Saa ya Kiswahili huongezwa hivi:

PS1='$(TZ=SAA3 date +%I:%M) \u@\h:\w\$ '

Saa ya Tanzania iko mbele ya Greenwich kwa saa 3, na hesabu ya Kiswahili iko nyuma ya hiyo kwa 6. Tokeo ni saa 3 nyuma ya Greenwich. Katika maandishi haya, kinyume cha matarajio ya wengi, saa za nyuma ndizo ziandikwazo bila alama ya kutoa. SAA ni jina tu. Lingeweza kuwa jingine.

Alama za kunukuu ni za mkato mmoja mmoja, wala si pambo. Zikiwekwa za mikato miwili miwili, amri ya date hutekelezwa mara moja tu na saa husimama hapohapo. Hata ikiandikwa sawasawa, saa hiyo huonyesha wakati kidokezo kilipotokea. Aliyekwenda kunywa chai atakuta saa ya zamani hadi abonyeze kitufe cha Enter.

Mstari huo hudumu hadi dirisha lifungwe. Autakaye siku zote, na auandike mwishoni mwa faili la .bashrc, baada ya kuujaribu. Na akivuka Manyovu pamoja na mashine yake, atabadili tarakimu moja tu: SAA4.